Namna ya Kuihoji Hisia Kabla Haijakuvua Nguo

Kazi yangu ni kushika watu. Nashona nguo Bondeni, Nakuru, mwaka wa 23 sasa, na kila siku mikono yangu huzunguka viuno, vifua na nyonga za watu ambao wengine hata majina yao siyajui. Kabla ya cherehani nilisoma falsafa chuoni miaka 2, karo ikakatika, nikarudi nyumbani na sanduku la nguo na madaftari 3. Madaftari hayo yamo mpaka leo kwenye droo ya vifungo. Mabibi harusi wanaokuja kupimwa huketi, humiminiwa chai, na kabla chai haijapoa hutoka swali lililowaleta, nalo si la gauni. "Mama, nitajuaje kama namtaka kweli au naogopa tu kuachwa?" Wanaume nao huuliza, ila wao husubiri mteja wa mwisho aondoke, kisha huanza kwa kusema kuna rafiki yao mmoja ana shida.

Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio nilioufikia kwa kukosea. Ni maelekezo ya kazi. Anayetaka mahubiri, msikiti hauko mbali na kanisa pia haliko mbali.

Kagua tepu yako kwanza

Mwaka wangu wa tano kazini nilimharibia bibi harusi gauni. Nilimpima, nikaandika, nikakata satini mita 4, na siku ya kulijaribu zipu ikagoma katikati ya mgongo. Nikampima upya, namba zikawa zile zile. Moyoni nikamlaumu: amenenepa huyu. Fundi mzee wa kibanda cha pili ndiye aliyeichukua tepu yangu akailaza juu ya rula yake ya chuma. Sentimita 100 za tepu zilifika 102 na ushee za rula. Tepu ya kitambaa ikivutwa kila siku hurefuka, na ikisharefuka humpunguza kila mtu inayemzunguka. Haikuwa na nia mbaya. Ilidanganya kwa uaminifu wote, na satini ile niliilipa mimi.

Hisia ninaziona hivyo hivyo. Hapa mtaani watu huzichukulia kama mvua, na nani ataihoji mvua? Sikiliza tunavyosema: nilishikwa na wivu, nilipandwa na hasira, niliingiwa na hofu, ashiki ilinizidi. Kila mara mtu ndiye anayetendwa. Na mtendwa hana kesi ya kujibu, sivyo? Nimesikia wanaume wazima wakijitetea kwa kauli ya kutendwa peke yake, na wazee wakatikisa vichwa kuonyesha wameelewa.

Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walilikataa jambo hili. Chrysippus, mmoja wao, alishikilia kwamba hisia ni hukumu: anayeogopa amekubali ndani yake kwamba kuna baya linakuja, na hukumu hiyo yaweza kuwa kweli au uongo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1884, Mmarekani William James akaigeuza habari: mwili ndio unaotangulia, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na kuyahisi mabadiliko hayo ndiyo hisia yenyewe. Chuoni tulibishana wiki nzima nani yuko sahihi. Siku hizi sibishani. Tepu ni kitambaa, na juu ya kitambaa zimeandikwa namba. James alitazama kitambaa, Wastoa wakasoma namba. Mimi fundi nahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo fanya hivi. Hisia ikikujia juu ya mtu unayetaka kulala naye, au uliyelala naye, au anayetaka kulala na wewe, tafuta sentensi iliyomo ndani yake na uitamke kwa mdomo. Hofu husema: kuna baya linakuja. Wivu husema: kilicho changu kinachukuliwa. Ashiki husema: huyu anatamanika. Huba husema zaidi kidogo: ni huyu, wala si mwingine wa kufanana naye. Ukishaitamka, sasa unaweza kuilaza juu ya rula. Ni kweli? Nani aliniambia? Tepu yangu ilivutwa na nani hadi ikawa hivi?

Tatua nyuzi moja moja

Kijana wa bodaboda, mteja wangu wa zipu za jaketi, aliingia dukani jioni moja macho mekundu. Ameona ujumbe kwenye simu ya mpenzi wake. Alitaka kwenda kwake usiku ule ule, na alichokuwa anakirudia ni "haki yangu". Nilimuuliza haki gani. Akaniambia bila kupepesa kwamba atalala naye leo, atake asitake, ili ajue bado ni wake.

Sikumpa hotuba. Nilikuwa na bobini iliyonasa, imeshikamana nyuzi za rangi 3, nikamwekea mapajani na kumwambia anitatulie kwanza, maana macho yangu ya jioni si ya kutegemewa. Uzi ukiuvuta kwa hasira unakaza. Alivuta, ukakaza. Akatulia, akaanza kutafuta ncha. Alipokuwa akitafuta nikamuuliza wivu wake unasemaje hasa.

Uzi wa kwanza ulisema, "Ameniibia." Tukaupima. Huibiwa mwenye mali, na yule msichana si pikipiki ya mkopo. Uzi wa pili ulichelewa kutoka, nao ulisema, "Nitaachwa." Huo nilimwambia huenda ni wa kweli, na unastahili kikao, mchana, wawili wakiwa wamevaa nguo zao. Uzi wa tatu ulimtoka akiwa ameinamisha kichwa: "Vijana wa steji watanicheka." Huo haukumhusu msichana hata kidogo. Ni aibu ya steji, ila ilikuwa imejifunga kitambaa cha mapenzi.

Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki ya kale, aliwahi kueleza kwamba kukasirika ni rahisi, kila mtu anaweza. Kazi ni kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, wakati ufaao, kwa sababu nzuri na kwa njia nzuri. Hesabu ya vipimo 5, kama gauni. Kijana wangu alikuwa ameshindwa vyote: aliyemkusudia hakuwa yule aliyemtia aibu, kiasi kilikuwa cha vita, saa ilikuwa ya tatu usiku, sababu ilikuwa steji, na njia yake ni ya kufungwa jela. Alilala kwa kakaye usiku ule. Mwezi haukwisha wakaachana, na ujumbe ule, kwa taarifa yako, ulikuwa wa kweli. Wivu wake ulisoma namba sahihi. Alichotaka kufanya na namba hiyo ndicho kilikuwa uovu.

Hili walionisomesha hawakulisisitiza vya kutosha. Hisia inaweza kusema kweli na bado isikupe ruhusa.

Mwili kuitika si mtu kuridhia

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu huumizana bila kujua, na wengine wakijua.

Seneca, Mroma aliyeandika juu ya hasira, alitenganisha mshtuko wa kwanza na hisia yenyewe. Ukinyunyiziwa maji baridi utatetemeka. Ukisikia tusi zito uso utapata moto. Huko ni kutikisika kwa mwili kabla akili haijapiga kura, na hakuna anayeweza kukuzuia wala kukulaumu. Hisia kamili huja unapoukubali ule mtikisiko.

Lichukue hilo ulipeleke kitandani. Mwanamke anaweza kulowa akiwa na hofu. Mwanamume anaweza kusimama akiwa hataki. Mwili wa mtu anayebakwa unaweza kuitika, na hilo limewafunga midomo wengi kwa miaka, wakidhani kumbe walitaka. La. Ni maji baridi yale ya Seneca. Ukimwona mwenzako mwili umeitika, hujapata jibu bado. Umeona kitambaa tu, namba hujaisoma.

Kiswahili kina neno zuri hapa kuliko wengi tunavyolitumia. Tunasema ridhaa. Ridhaa na radhi ni ndugu, na kuridhika kumetoka nyumba hiyo hiyo. Ndani ya neno lenyewe kuna hisia: moyo umetua. Kukubali ni kitu kingine. Nakubali bei ya nyanya kwa kuwa sina la kuongeza kwenye hoja, ila sijaridhika. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inasema mtu ameridhia akikubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Na aliye chini ya miaka 18, hata akiimba ndiyo kwa sauti tatu, ndiyo yake haihesabiki. Wavulana wa miaka 20 na kitu hunibishia: "Lakini tunapendana, Mama." Sikatai mnapendana. Mapenzi ni sentensi yenu. Uwezo wa kuchagua ni jambo jingine, na rula ya chuma ipo mahakamani.

Sheria ni sakafu, hata hivyo. Mtu anaweza kusimama juu yake na bado akamkosea mwenzake. Binamu yangu aliuza samaki kwenye ufuo mmoja wa ziwa upande wa Kisumu kwa miaka mingi. Huko kuna kitu kinaitwa jaboya: mvuvi humpa mchuuzi samaki kwanza, kabla ya wenzake, na mchuuzi humlipa fedha, na juu ya fedha humlipa mwili wake. Samaki wakipungua, bei hiyo ya pili hupanda. Nilimuuliza kama alilazimishwa. Alifikiri kwa muda mrefu, akiwa anaparua magamba, kisha akasema, "Sikulazimishwa. Nililazimika."

Kati ya kulazimishwa na kulazimika tofauti ni silabi moja tu, na ndani yake mna kozi nzima. Hakuna aliyemshika mkono. Alisema ndiyo, tena mapema, kabla mashua haijafika. Lakini ukiifungua ndiyo ile, hisia iliyomo ni hofu ya watoto kulala njaa, na hofu hiyo ilikuwa inasoma sawasawa kabisa. Yule mvuvi, kama angetaka kujua, hakuhitaji kusoma vitabu. Angejiuliza: huyu akisema hapana leo, atapoteza nini? Jibu likiwa ni chakula, kazi, alama za mtihani, kodi ya nyumba au nauli ya kurudi kwao, basi ndiyo aliyopewa haimtoshi. Aondoe kwanza hiyo gharama, ampe samaki kwa bei ya wote, ndipo aulize tena. Wengi hawaulizi mara ya pili kwa sababu wanajua jibu.

Soma pumzi

Msichana mmoja aliletwa na mamake kupimwa sare. Nilipofika kifuani nikamuuliza, "Nikushike hapa?" Akajibu, "Sawa tu." Sauti ilikuwa sawa. Mamake alikuwa akiongea na simu mlangoni. Nikazungusha tepu, na nikiwa nyuma yake nikaona mabega yamepanda karibu na masikio, vidole vya mikono vimenyooka kama vimegandishwa, na pumzi haipo. Fundi hujua pumzi iliyozuiliwa kwa sababu hukuharibia kipimo. Kifua kilichojaa hewa hukudanganya sentimita 3 au 4. Nimewaambia wateja mara elfu, "Pumua, usijikaze." Siku ile sikusema. Nikaiachia tepu, nikapita mbele yake, nikampa ncha mkononi na kumwonyesha pa kuizungusha. Kisha nikageukia ukuta, nikajifanya natafuta kalamu. "Ukifika nisomee." Muda ukapita. "88," akasema. Nyonga akajipima mwenyewe pia. Aliporudi kuchukua sare alinipa ncha ya tepu bila kuambiwa, akataka nimpime sketi ya Idi, na safari hii akaniacha nimshike huku akisimulia habari za mwalimu wao wa hesabu.

Wengi hudhani asiyetaka atapiga kelele. Wako wanaopiga. Wako pia wanaoganda kama panya aliyemulikwa kwa tochi, na kuganda huko hutokea bila kuchaguliwa. Kwa hiyo mbinu ya kumsoma mwenzako ni hii. Angalia kama pumzi inatembea. Angalia mkono wake: mkono usiokusukuma lakini pia haukushiki ni mkono unaosubiri jambo liishe. Angalia kama anakurudishia chochote, neno, kicheko, kidole. Ukiona hakuna, simama. Si upunguze mwendo, simama kabisa, toa uzito wako, uliza swali ambalo hapana yake ni nyepesi kuitamka: "Tuache?" ni rahisi kujibiwa kuliko "Unapenda?" Nimeshangaa ni watu wangapi wenye ndoa ya miaka 15 hawajawahi kuuliza hata moja kati ya hayo mawili.

Kuna wanaoniletea hadithi ya Mtume kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Ninaijua, nimesoma madrasa mimi. Husahau kwamba hadithi hiyo yaanza kwa amri kwamba aombwe idhini kwanza, na kwamba inazungumzia posa, mbele ya wazazi, kwa binti anayeona haya. Haikutoa ruhusa ya kila kimya cha gizani. Na husahau habari ya bibi Khansa bint Khidam, aliyeozwa na babake akiwa hataki. Akaenda kwa Mtume kulalamika, na nikahi ile ikavunjwa. Chuki yake ilisikilizwa kama ushahidi.

Mtofautishe mtu na Bi Kimya

Pembeni mwa duka kuna sanamu la nguo, limekatika mkono, nimelipa jina Bi Kimya. Nilipokuwa chuoni tulisoma makala ya mwaka 1995 ya Martha Nussbaum, mwanafalsafa Mmarekani, aliyehesabu njia 7 za kumfanya mtu kuwa kitu. Nilipata shida kuzikariri mpaka niliponunua sanamu. Sasa naziona kila asubuhi. Bi Kimya ni chombo cha kazi yangu. Hana uamuzi wake. Hatendi lolote, husubiri kusogezwa. Akivunjika nitanunua wa kufanana naye. Namchoma pini popote nipendapo. Ni mali yangu, naweza kumuuza. Na anachohisi siulizi, kwa kuwa hakuna.

Kabla ya kulala na mtu, mpitishe katika hizo 7. Ni zoezi la dakika 2. Unapomfikiria, je, ungeridhika pia na mwingine yeyote mwenye umbo lile? Unajua alichokula mchana, kinachomkera, anachokiogopa? Ukikuta humjui kwa lolote ila kwa kiuno, unamtaka Bi Kimya. Nussbaum mwenyewe hakuwa mkali kupita kiasi. Alitoa mfano wa kulaza kichwa juu ya tumbo la mpenzi wako kama mto. Hapo umemtumia, ndiyo, lakini yeye hajageuka kuwa mto, na akitaka kuinuka anainuka. Nilipenda mfano huo. Ndoa yangu imejaa mito ya namna hiyo.

Mkali alikuwa Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye hakuoa. Mwaka 1785 aliandika kwamba utu wa mtu usitumiwe kamwe kama njia tu ya kufikia jambo, uheshimiwe pia kama lengo. Kwenye mihadhara yake akasema tamaa ya kimwili humfanya mwenzako kitu, na ikishashiba humtupa kama limau lililokamuliwa. Mamangu alizaliwa Mumias, kwenye miwa, na asingehitaji limau: huko mtu hutafuna, hufyonza, hutema makapi, na nzi huyashughulikia. Kant aliona dawa ni ndoa, ambamo kila mmoja humpa mwenzake nafsi yake nzima. Hapo namwacha njiani. Nimeshona magauni ya harusi mengi mno kuamini kwamba cheti huzuia mtu kutafunwa. Hata sheria yetu ya 2006 iliwaacha wanandoa nje ya kifungu cha 43, kile kinachoeleza tendo la kulazimishwa. Ilibidi kungoja sheria ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 2015 ndipo dhuluma ya kingono ndani ya ndoa itajwe kwa jina.

Kilichonigusa zaidi kilitoka kwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Yeye alimwagiza mume kwamba akishapata haja yake asikimbilie kuondoka, angoje mpaka mkewe naye apate yake. Nimemsomea mistari hiyo shehe mmoja kijana aliyekuja kushonewa kanzu. Alitikisa kichwa, akacheka, akaniomba nimwandikie ukurasa.

Hisia 4 za kuangaliwa haraka

Haya na aibu watu huzichanganya. Haya ni pazia ambalo mtu hujitundikia mwenyewe. Humlinda, na unayempenda ukilisogeza, lisogeze kwa kuruhusiwa. Aibu ni tope la kurushiwa, mara nyingi na mwingine. Aliyedhulumiwa akisema "naona aibu", nami humuuliza tope hilo lilitoka mkononi mwa nani. Hajibu siku hiyo. Hurudi wiki inayofuata na jibu.

Kinyaa ni shahidi mbovu. Kilikuzuia kula nyama iliyooza, shukrani zake. Lakini kinyaa chako kwa mwanamke aliye hedhini, au kwa namna watu wazima wawili walioridhiana wanavyopendana, kinazungumza juu ya tumbo lako tu. Usimhukumu mtu kwa tumbo.

Majuto ya asubuhi hayathibitishi kwamba jana ulilazimishwa, na kukosa majuto hakuthibitishi kwamba ulitenda haki. Walionikera zaidi dukani hulala usingizi mzuri sana.

Likishatokea

Kama ulilazimishwa, falsafa ingoje. Nenda hospitali kabla ya kituo cha polisi, na kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Hapa Kenya simu ya msaada, 1195, hailipiwi na inapokewa mchana na usiku. Na hili nalisema kama fundi: nguo ulizokuwa umevaa usizifue, usizishone palipochanika, usizitupe kwa hasira. Zikaushe kivulini kama zina unyevu, ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kila moja na wake, maana nailoni huziozesha na ushahidi ukapotea. Mwanamke mmoja aliniletea blauzi nimrudishie vifungo 4 vilivyong'oka. Nilivitazama vile vitundu nikavua miwani. Hatukuirudishia vifungo. Tulikwenda nayo, mimi na yeye, kwenye mfuko wa kaki.

Uliza baadaye pia

Mume wangu ni dereva wa matatu, Nakuru hadi Kisumu na kurudi. Miaka 9 ya mwanzo ya ndoa yetu nilikuwa nikihesabu mabati. Yalikuwa 14 juu ya kitanda, la tano kutoka dirishani lina tundu la msumari lililoingiza mwanga wa mwezi. Hakunipiga, hakunitukana, hakunilazimisha. Hakuuliza, nami sikusema, na kila mmoja wetu aliuita ukimya ule heshima. Mimi niliyekuwa na madaftari 3 ya falsafa kwenye droo!

Usiku mmoja aliacha ghafla, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza, "Uko wapi?" Nilikasirika kwanza. Hasira ile niliihoji baadaye, nikakuta sentensi yake: umechelewa miaka 9. Ilikuwa kweli. Nikamwambia, na nikamwonyesha mabati, moja moja, hadi lile lenye tundu. Hakujitetea. Alihesabu na yeye, akapata 13, tukabishana.

Tumeshaweka dari tangu hapo, lakini neno limebaki. Akinisikia nimetulia kuliko kawaida huuliza, "Mabati?" Nikisema si mabati, basi si mabati. Nikisema mabati, huvuta blanketi lake na kuanza kunisimulia abiria wa siku hiyo. Juzi alikuwa na mzee aliyepanda Kericho na kuku wawili ndani ya kikapu, na kufika Ahero mmoja alikuwa ameshatorokea chini ya kiti cha dereva, akataga.